Nyumba ya Mimea Idumuyo: Somo la Kujenga kwa Miti, Mianzi, Mkonge na Makuti bila Kumaliza Misitu



Katika kata zetu, kama ilivyo katika maeneo mengi ya mwambao wa Mkoa wa Tanga, mwenye nia ya kujenga huanza na swali moja: fedha za saruji, nondo na bati zitatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Liko swali la pili ambalo haliulizwi mara nyingi, nalo ni hili: nyumba itakayojengwa itadumu miaka mingapi, na itaigharimu nini ardhi tunayoitegemea kwa kilimo, uvuvi na maji? Somo la toleo hili linalijibu swali hilo la pili kwa kuangalia vifaa vya ujenzi vinavyoota karibu nasi: miti, mianzi, mkonge, minazi na mabaki ya mpunga.

Vifaa hivi vimedharauliwa kwa muda mrefu. Nyumba ya miti na udongo huitwa nyumba ya muda, na mwenyewe huihesabia miaka mpaka atakapopata matofali. Dharau hiyo imezaa mazoea mabaya. Kwa kuwa nyumba ni ya muda, miti hukatwa ikiwa michanga, husimikwa ingali mibichi, huchimbiwa ardhini bila kinga yoyote, na baada ya misimu michache huliwa na mchwa. Familia hulazimika kurudi msituni kutafuta mingine, na msitu nao hurudi nyuma hatua moja.

Hoja ya somo hili ni nyepesi kueleza, ingawa utekelezaji wake unahitaji uangalifu: manufaa ya mti kwa mazingira hutegemea chanzo chake na miaka utakayokaa ndani ya nyumba. Nguzo iliyopandwa, ikakomaa, ikakaushwa, ikatiwa dawa na ikakingwa maji ni rafiki wa mazingira. Nguzo iliyokatwa ovyo na kuoza baada ya miaka mitatu haina urafiki na mtu yeyote, hata kama imetoka shambani.

Kwa nini mimea?

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo katika tanuri lenye joto linalokaribia nyuzi 1,450 za Selsiasi. Hewa ya ukaa hutoka kwa njia mbili: kwanza katika nishati inayochomwa, na pili ndani ya mawe yenyewe yanapovunjika kwa joto. Ndiyo sababu viwanda vya saruji duniani huhesabiwa kuwa chanzo cha takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Matofali ya kuchoma nayo, yanapookwa kwa kuni za miti ya asili, huondoa msitu pasipo kuacha mti hata mmoja ndani ya nyumba.

Mmea hufanya kinyume cha tanuri. Unapokua huvuta hewa ya ukaa na kuigeuza kuwa mwili wake. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Kwa hiyo kila kilo moja ya mti mkavu huwa imefunga hewa ya ukaa ipatayo kilo 1.8. Nguzo yenye uzito wa kilo 10 ikiwa kavu inahifadhi karibu kilo 18 za hewa hiyo, na itaendelea kuihifadhi mradi iko salama. Ikioza au ikichomwa, hewa hurudi ilikotoka. Faida hii, basi, ina masharti mawili: mti uliokatwa upandwe mwingine mahali pake, na mti uliojengewa udumu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba yenye nguzo 40 za kuta, zikibadilishwa kila baada ya miaka 4, itatumia nguzo 240 katika miaka 24, ukihesabu zile za mwanzo. Nyumba ya ukubwa huohuo yenye nguzo zilizotayarishwa na kukingwa vizuri hata zikadumu miaka 24 itatumia 40 tu. Tofauti ni nguzo 200 kwa nyumba moja. Zidisha hesabu hiyo kwa kaya za kitongoji kimoja, utaona kwamba uhai wa msitu unaamuliwa na fundi sawasawa na anavyouamua mkata miti.

Funzo la nyumba za kale za pwani

Anayedhani kwamba mti hauwezi kudumu na atazame Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu. Majumba ya mawe ya miji hiyo, ambayo mengi yamepita umri wa miaka mia moja, yamebeba sakafu na dari zake kwa boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi upana wake hauzidi mita 3 au karibu na hapo, kwa sababu boriti ya mkoko haikuweza kuvuka nafasi kubwa zaidi. Mafundi wa zamani waliupima uwezo wa mti, kisha wakaipima nyumba kwa mti huo.

Majumba hayohayo yanafundisha pia mahali ambapo mti hushindwa. Panapovuja paa, au pale ncha ya boriti ilipozikwa ndani ya ukuta unaonyonya maji, ndipo uozo unapoanzia. Boriti iliyobaki kavu huendelea na kazi yake. Jirani yake iliyoloa huanguka. Miti ile ile, fundi yule yule, mwaka ule ule wa kujengwa: kilichotofautiana ni maji.

Hatua ya kwanza: chanzo halali

Mikoko ilijenga miji ya pwani, lakini leo ina kazi nyingine tusiyoweza kuipatia mbadala. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi, huzuia mmomonyoko wa fukwe, na huwa malezi ya samaki, kaa na kamba kabla hawajaenda bahari kuu. Tope la mikokoni huhifadhi kaboni nyingi iliyokusanyika kwa muda mrefu, ambayo hutoweka pindi eneo linapofyekwa. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuvuna mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali. Mkoko, msinzi, mkandaa au mchu unaouzwa kando ya barabara bila hati ni mali yenye mashaka, na mnunuzi anaweza kuwajibishwa pamoja na muuzaji.

Mbadala upo. Mvinje hustahimili mchanga na upepo wa bahari, hukua kwa haraka na kutoa nguzo zilizonyooka. Wakulima wengi wa mwambao huupanda kwa ajili hiyo. Mtiki unastawi vyema katika mkoa wetu, na Shamba la Miti Longuza wilayani Muheza ni ushahidi wa jambo hilo. Hata hivyo, ni vema mnunuzi ajue kwamba sifa ya mtiki ya kustahimili mchwa imo katika kiini chake cheusi cha ndani. Mti mchanga uliopunguzwa shambani una sehemu nyeupe kubwa na kiini kidogo, hivyo hauna budi kutiwa dawa kama mti mwingine wowote. Mkaratusi nao hutoa nguzo nzuri, lakini usipandwe kando ya vijito na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Mwananchi mwenye ekari chache anaweza kutenga mpaka wa shamba kwa miti ya kujengea. Mistari miwili ya mivinje iliyopandwa leo ni kenchi na fito za nyumba ya mtoto wako.

Hatua ya pili: kukomaa na kukauka

Mwanzi ni aina ya nyasi kubwa, si mti. Hurefuka kwa kasi ya kustaajabisha na kufikia urefu wake wote katika msimu mmoja. Wengi hudanganywa na urefu huo. Mwanzi uliorefuka bado ni laini, umejaa maji na wanga, na wanga ndicho chakula cha dumuzi. Mwanzi wa kujengea huvunwa ukiwa na umri wa miaka 3 hadi 5. Alama zake ni hizi: maganda yanayofunika pingili yameshadondoka, rangi yake imefifia na si ya kung'aa, ngozi ina madoadoa ya ukungu mweupe, na ukiugonga hutoa sauti kavu. Vuna wakati wa kiangazi, kata juu kidogo tu ya pingili iliyo karibu na ardhi ili kisibaki kikombe cha kukusanya maji, na uyaache machipukizi yaendelee. Kichaka kinachovunwa kwa utaratibu huu hutoa mazao kila mwaka bila kupandwa upya.

Mbao na nguzo hazina budi kukaushwa kabla ya kusimikwa. Mti mbichi hujikunja, hupasuka na kulegeza misumari ukiwa tayari umo ukutani. Kuvu wanaoozesha mti hawawezi kuushambulia mti ambao maji yake yamepungua chini ya takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Njia ya kukausha haihitaji mtambo. Panga mbao kivulini, juu ya vigingi au matofali ili zisiguse ardhi, na weka vipande vidogo vya mti kati ya safu na safu ili upepo upite. Funika juu dhidi ya mvua, acha pande wazi.

Utajuaje kwamba zimekauka? Chukua kipande kimoja cha mfano, kipime kwa mizani ya dukani, andika uzito na tarehe. Rudia kila wiki. Uzito utakapoacha kupungua kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mbao zimekwisha kuafikiana na hewa ya mahali hapo na ziko tayari kwa fundi.

Hatua ya tatu: dawa

Mafundi wengi hupaka oili chafu ya magari kwenye nguzo. Mazoea haya tunayasihi yaachwe. Oili hiyo haipenyi ndani ya mti. Hubaki juu, kisha husombwa na mvua na kuingia ardhini ikiwa na mabaki ya madini yenye sumu. Nyumba nyingi za vijijini ziko karibu na visima na bustani za mboga. Kinachomiminika kwenye nguzo hakichelewi kufika jikoni.

Dawa iliyozoeleka duniani kwa mianzi na mbao za ndani ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka: kilo 2.5 za boraksi na kilo 2.5 za asidi ya boriki katika lita 95 za maji, yaani dawa ya asilimia 5. Toboa pingili za ndani za mwanzi kwa nondo ndefu ili dawa ipite, kisha zamisha mianzi yote katika birika kwa wiki moja hadi mbili. Itoe, isimamishe ichuruzike, na ikaushe kivulini.

Yapo mambo matatu ya kukumbuka kuhusu dawa hii. Kwanza, huyeyuka katika maji. Kwa hiyo inafaa kwa mti utakaokuwa chini ya paa, na haifai kwa nguzo iliyochimbiwa ardhini au kuachwa mvuani. Pili, ni kemikali: vaa glavu, iweke mbali na watoto na mifugo, wala usichemshie wala kupikia katika chombo kilichotumika kuichanganya. Tatu, maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni, kisimani wala bustanini. Yatumike kwa mianzi inayofuata kwa kuongezewa dawa.

Asiye na uwezo wa kununua dawa anaweza kutumia njia ya wazee ya kuloweka mianzi katika maji kwa wiki kadhaa. Maji huondoa sehemu ya wanga, na mashambulizi ya dumuzi hupungua. Njia hiyo haimzuii mchwa. Kwa mchwa dawa ya kwanza ni namna nyumba inavyojengwa, kama tutakavyoona sasa.

Hatua ya nne: msingi mrefu na upenu mpana

Mti usiguse ardhi. Kanuni hii moja ikishikwa, nusu ya matatizo ya nyumba za miti huisha. Jenga msingi wa mawe au matofali unaopanda angalau sentimita 30 juu ya usawa wa ardhi, kisha simamisha nguzo juu yake kwa kuzifunga na vyuma vilivyozikwa ndani ya zege. Mchwa wa ardhini hutembea ndani ya njia za udongo anazojijengea. Msingi ulio wazi humlazimisha kujenga njia hiyo mahali macho yanapoona, nawe utaibomoa mapema. Kipande cha bati kilichowekwa juu ya msingi na kukunjwa kuelekea chini pande zote huzidi kumzuia.

Maji ya mvua yasiguse ukuta. Upenu utokeze sentimita 60 au zaidi, na upande unaopigwa na mvua ya kusi uongezewe upana au upandwe baraza. Matone yanayorudi juu kutoka ardhini ndiyo huozesha sehemu ya chini ya ukuta, kwa hiyo zungushia nyumba kokoto au mfereji mdogo wa kuondolea maji. Maeneo ya ndani yenye unyevu, kama bafu na jiko la kuoshea vyombo, yajengwe kwa matofali na saruji. Nyumba inayochanganya vifaa kwa busara, yenye mawe chini, mimea katikati na bati au vigae juu, haina aibu yoyote.

Fundi wa mianzi azingatie pia kwamba mwanzi hupasuka kwa msumari. Toboa tundu kwanza, tumia boliti au kamba, na weka maungio karibu na pingili, mahali penye nguvu zaidi.

Makuti: ubaridi na hatari yake

Wakazi wa pwani hawahitaji kuelezwa tofauti kati ya kulala chini ya makuti na kulala chini ya bati lisilo na dari mwezi wa Februari. Makuti yana hewa nyingi iliyonaswa kati ya majani, na hewa hiyo huzuia joto la jua lisishuke chumbani. Paa la makuti likae na mteremko mkali, nyuzi 45 au zaidi, ili maji yashuke haraka kabla hayajapenya. Makuti yaliyopangwa karibu karibu hugharimu zaidi mwanzoni na hudumu zaidi.

Hatari yake ni moto. Nyumba moja ikishika, cheche huruka na upepo hadi ya pili na ya tatu. Kwa sababu hiyo, jiko lijengwe mbali na nyumba ya makuti, nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake na zifungwe na fundi mwenye leseni, na pipa la maji na ndoo za mchanga viwe karibu wakati wote. Katika mitaa iliyosongamana hatushauri makuti kabisa. Huko, mwenye bati na atie dari. Dari ya mikeka ya mianzi iliyotiwa dawa, au ya jipsamu yenye nyuzi za mkonge, huzuia sehemu kubwa ya joto linaloshuka kutoka kwenye bati, hasa pakiachwa matundu ya hewa penye ncha za paa.

Mkonge, mnazi na mpunga

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Pangani. Kutokana nayo ndipo zao lililoujenga mkoa huu lilipoanzia. Uzi wa mkonge ni sehemu ndogo tu ya jani, takriban asilimia 4 ya uzito wake, lakini ni uzi wenye nguvu. Mafundi wa jipsamu huutandaza ndani ya mbao za dari na mikanda yake ili zisivunjike. Nyuzi fupi zilizokatwakatwa zikichanganywa na udongo wa kukandikia, huzuia nyufa ukuta unapokauka. Tahadhari moja ni muhimu: nyuzi za mkonge zikiwa ndani ya saruji huliwa taratibu na chokaa yake na kuwa tepetevu kwa kukatika baada ya miaka. Zisitumike kamwe mahali pa nondo.

Mnazi uliozeeka na kuacha kuzaa haufai kuachwa uoze shambani na kuzalisha chonga. Shina lake ni gumu upande wa nje na chini, na laini katikati na juu. Mbao zitokanazo na sehemu ngumu hufaa kwa kenchi, milango na sakafu. Za katikati zitumike kwa kazi nyepesi za ndani tu. Msumeno wa kawaida huchakaa haraka katika mnazi, hivyo elewana na fundi mapema. Kwa kila mnazi unaoangushwa, mche mmoja upandwe.

Pumba za mpunga hufikia takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga unaokobolewa, na mara nyingi huishia kuchomwa kando ya mashine. Pumba zikichanganywa na udongo wa lipu hupunguza nyufa na uzito wa ukuta. Majivu yake nayo yana silika nyingi, na yakichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 kisha yakasagwa laini huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Majivu ya chungu lililochomwa ovyo hayana sifa hiyo kwa uhakika. Mwananchi asiyatie kwenye zege la nguzo au lenta bila kupimwa na wataalamu.

Taratibu na huduma zilizopo

Kabla ya kununua au kukata mti wa kujengea, fuata hatua hizi. Anza katika ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa wako, hata kama mti uko katika shamba lako, upate barua ya utambulisho. Onana na afisa misitu kwa ajili ya kibali cha kuvuna na, iwapo utasafirisha, kibali cha kusafirisha. Unaponunua mbao, dai stakabadhi na uangalie alama ya nyundo ya misitu kwenye mbao. Karatasi hizo zihifadhiwe. Ndizo kinga yako kizuizini.

Katika maeneo yaliyopangwa, kibali cha ujenzi kinahitajika bila kujali kama nyumba ni ya matofali au ya mianzi. Fika katika ofisi ya mhandisi wa Halmashauri na mchoro wako mapema, kabla hujachimba msingi, ili ushauri utolewe wakati ambapo kurekebisha bado ni kalamu na karatasi.  Kwa dharura ya moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Vikundi vinavyotaka kutayarisha mianzi, kufuma mikeka ya dari au kupasua mbao za mnazi vinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hutoa maelezo ya masharti na namna ya kusajili kikundi.

Zoezi la nyumbani kabla ya masika

Somo lisilofanyiwa kazi husahaulika. Tunamwomba kila mwenye nyumba iliyojengwa kwa miti, kwa sehemu au kwa ukamilifu, atenge asubuhi moja kabla ya mvua kuanza, afanye yafuatayo:

1. Azunguke nyumba na kutafuta njia za udongo za mchwa msingini. Akiziona, azibomoe na kurudi baada ya siku chache kuona kama zimejengwa upya.

2. Achomeke ncha ya kisu sehemu ya chini ya kila nguzo. Panapopenya kwa ulaini, mti umeanza kuoza.

3. Aangalie unga mwembamba sakafuni chini ya mianzi na mbao; huo ni mlo wa dumuzi, na mahali ulipo panahitaji dawa.

4. Asimame ndani mchana na kutazama paa. Panapoingia mwanga, patapita maji.

5. Aondoe udongo, takataka na kuni zilizorundikwa ukutani, kwa maana hizo ni ngazi za mchwa.

6. Aandike alichokiona na tarehe, ili mwakani alinganishe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya miti, asiyeziba tundu la paa atarudi kukata mti mwingine, na huenda safari hiyo asiukute. Mwenye swali kuhusu somo hili, au mwenye uzoefu wa nyumba ya mimea iliyodumu miaka mingi ambao wengine wangenufaika nao, anakaribishwa kuuwasilisha kwa maandishi katika ofisi ya mtendaji wa kata yake.